Sufuria ya Pili: Barua ya Wazi kwa Maofisa Lishe wa Mikoa na Halmashauri

Kwenu maofisa lishe,

Salaam kutoka huku kanda ya kati, nchi ya alizeti, mlenda na kuku wa kienyeji. Wengi wenu mna umri wa wanangu, na huenda wapo niliowafundisha kusoma, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea mapema: marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha Sayansi Kimu miaka mingi, na maneno "mlo kamili" nimeyaandika ubaoni mpaka chaki zikaniisha mkononi. Kisha nikaugua saratani ya mlango wa kizazi, nikatibiwa, nikarudi nyumbani nikiwa hai, nikakuta sijui nile nini.

Niwaeleze kwanza kilichotokea siku moja, maana ndicho kilichonipa kalamu hii.

Ilikuwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, alinishika mkono tukatembea taratibu hadi ofisi ya kijiji. Mzani umetundikwa mtini, watoto wanapimwa, wengine wanalia kama kawaida yao. Pembeni kulikuwa na mafiga matatu na sufuria, na afisa lishe kijana akiwaonyesha kinamama uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Nasema kama mwalimu: alifundisha vizuri. Alipima unga kwa kikombe ambacho kila nyumba inacho. Aliinua kijiko watu waone uji mzito unavyokaa bila kumwagika. Alitia karanga zilizosagwa, akawaita kinamama waonje. Sisi tulisimama nyuma yao. Alipomaliza, mkwe wangu akanyoosha mkono: "Daktari, na huyu mama yangu ametoka mionzi, nimpikie nini?" Kijana wa watu akatutazama kwa huruma. "Leo ni ya watoto, dada. Mama ale tu mlo kamili."

Simlaumu. Hakuna aliyemwandaa kwa swali lile. Lakini tulirudi nyumbani mikono mitupu, na njiani mkwe wangu akaniambia neno ambalo halijanitoka: "Mama, ungekuwa na miezi sita leo tungejua cha kukupikia."

Hospitali nilikotibiwa, mkoa wa mbali, walinihudumia kwa moyo. Nilipigwa mionzi wiki tano, na dripu ya dawa kila wiki. Siku ya kuruhusiwa nilipewa tarehe ya kurudi, vidonge, na nasaha moja: "Mama, kula vizuri." Basi nikala vizuri kwa elimu niliyokuwa nayo. Nilimwambia mkwe anipikie ugali wa dona, maharage na mchicha mwingi, kama nilivyowafundisha watoto wa watu. Nikashinda chooni. Mionzi ya nyonga huuchubua utumbo, na tumbo likiwa limechubuka, chakula kilekile kinachomjenga mtu mzima kinaweza kumwendesha mgonjwa mpaka aishiwe maji. Baadaye sana, mtaalamu mmoja alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo lingeniokoa miezi mitatu: kwa muda ule ambao tumbo linaharisha, kula wali laini, viazi, ndizi mbivu, samaki, mayai, supu ya kuku iliyotolewa mafuta, kunywa maji yenye chumvi na sukari za kupimwa, kisha maharage na mboga zirudi kidogo kidogo tumbo likitulia. Akaongeza kwamba asiyeharisha hana sababu ya kuyaacha maharage yake. Kumbe mlo kamili una wakati wake, na kila mwili uliotibiwa una mwendo wake.

Katika miezi hiyo mitatu, pengo mliloliacha ninyi lilijazwa na wengine. Jirani alisema sukari ndiyo chakula cha kansa, nikaacha sukari, kisha matunda, kisha hata uji kwa kuwa mahindi nayo "yanageuka sukari". Mwimbaji mwenzangu wa kwaya alisema nyama na mayai vinaamsha ugonjwa, nikaacha. Mwingine aliniletea bitiruti na rozela za kuongeza damu. Kijana mmoja mnadani aliniuzia unga wa majani ya mstafeli kwa bei ya kuku wawili, kuku ambao ningewala wangenifaa zaidi. Kila aliyekuja alikuja kwa upendo na akaondoka na kitu kimoja kutoka kwenye sahani yangu. Niliingia hospitali nikiwa na kilo 64. Siku niliyopandishwa tena kwenye mzani nilikuwa na 51.

Nimewasimulia haya ili mwone kwamba kosa halikuwa ujinga wa kijijini. Mimi ni mwalimu, na somo lenyewe lilikuwa langu. Mwongozo wa taifa wa chakula na ulaji uliotolewa mwaka 2023 unajieleza katika jina lake kuwa ni wa watu wenye afya njema. Nilichofundisha ubaoni nacho kilikuwa cha watu wenye afya njema. Aliyetoka kwenye mionzi amevuka mpaka wa nchi ambayo ramani yake hatukuchorewa.

Najua kazi yenu ilipoelekezwa. Taifa hili lilichagua kuanza na siku 1,000 za kwanza za mtoto, na lilichagua vema. Katika mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa waliutia saini mbele ya Rais mwaka 2022, watoto wadogo na mama zao ndio wamepewa kiti cha mbele, na halmashauri zinahesabiwa kwa shilingi 1,000 zinazotengwa kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Siombi hata senti moja itoke kwenye kikombe cha mtoto. Ila makadirio ya kimataifa yanataja zaidi ya Watanzania 40,000 wanaogundulika na saratani kila mwaka, na kwa wanawake inayoongoza ni hii yangu, ya mlango wa kizazi. Mionzi inatolewa katika hospitali za kuhesabika kwa vidole, kama Ocean Road pale Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza. Mgonjwa husafiri siku nzima kwenda kutibiwa, na akimaliza anapanda basi kurudi kwao. Mtaalamu wa lishe wa hospitali kubwa, hata awe hodari namna gani, haoni sufuria iliyo kwenye mafiga ya nyumba yangu. Mtumishi wa serikali aliye karibu na sufuria hiyo ni afisa lishe wa halmashauri. Ndiyo sababu bahasha hii haikwenda kwa madaktari bingwa. Imekuja kwenu.

Na ninachoomba ni sufuria ya pili. Siku ileile, chini ya mti uleule, pembeni ya uji wa mtoto, pawe na sufuria ya mgonjwa aliyetoka matibabu makubwa, na mpishi wake aitwe aje aone.

Nasema mpishi wake kwa makusudi. Hospitalini nasaha za chakula hupewa mgonjwa, ambaye wakati huo anasikia kichefuchefu hata akitajiwa kitunguu. Hawezi kusimama jikoni. Anayepika ni binti, mke, mkwe, dada, na siku hizi hata mwana wa kiume, naye amesubiri nje ya mlango na hotpoti mkononi. Mwanamke akijifungua katika jamii zetu, hakuna anayeuliza apikiwe nini. Wachaga watapika mtori, watu wa pwani watajua supu yao, huku kwetu tutachinja jogoo, na mama mkwe atasimamia mpaka siku arobaini zitimie. Maarifa hayo yamo mikononi mwa wapishi. Saratani imekuja na mionzi na dripu ambazo bibi zetu hawakuziona, ndiyo maana hawakutuachia chakula chake. Lakini jiko lao tunalo bado, na vingi vya kumfaa mgonjwa vimo humo humo.

Niwape mfano wa mlenda. Katika nyumba tuliyopanga karibu na hospitali, alikuwapo mzee mwenye saratani ya umio. Ugali haupiti, wali haupiti, hata uji mzito unamkwama. Mkewe alitwanga dagaa waliokaushwa mpaka wakawa vumbi, akawachekecha mara mbili ili mwiba usibaki, akakoroga vumbi hilo ndani ya mlenda mwepesi wa bamia uliotiwa mafuta kidogo ya alizeti. Utelezi wa mlenda ukabeba kile ambacho koo lilikataa. Mzee akala, sisi wengine tukiwa tumezunguka sufuria tunatazama kama wanafunzi. Yule mama hakusoma lishe popote. Lakini kwa wiki zile yeye ndiye aliyekuwa afisa lishe wetu, na kila siku ninyi mna watu kama yeye katika kata zenu bila kuwajua.

Sasa, katika sufuria hiyo ya pili kifundishwe nini? Niruhusuni nirudi darasani kidogo.

Kifundishwe uji. Miongozo ya wataalamu wa lishe ya saratani inamtaka mgonjwa apate protini zaidi ya gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu moja na nusu. Mtu wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 75. Kikombe cha uji mtupu wa mahindi kina gramu mbili au tatu tu. Pikeni uji huohuo kwa kikombe cha maziwa, ongezeni vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa, pigeni yai moja mlikoroge humo mpaka liive kabisa. Mmefika gramu 20 na ushei, katika bakuli ambalo mgonjwa anaweza kulinywa kidogo kidogo asubuhi nzima. Hakuna kopo la unga wa kizungu hapo. Kuna kuku, ng'ombe na shamba la karanga. Na ambaye figo zake zina shida aambiwe hapohapo amwone daktari kwanza, kwa sababu kipimo hiki si chake.

Kifundishwe kuchagua karanga. Hili nalisema kwa ukali kidogo. Unga wa lishe tunausifu, lakini mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyohiyo, ambayo hukaa pia kwenye karanga, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Moto wa kawaida wa kupikia hauimalizi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu, zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa mwisho wa gunia, ndizo hasa zinazoishia mashineni kwa kuwa zikisagwa hazionekani. Mfundisheni mkwe wangu anunue karanga nzima, achague mwenyewe kwenye ungo, ndipo asage.

Kifundishwe ladha. Dawa za dripu huufanya mdomo uwe na ladha ya chuma, nyama ikanuka kama imechina. Kijiko cha mti au cha plastiki husaidia. Ubuyu na ukwaju tulionao huku huurudisha ulimi kwenye chakula, lakini mdomo ukiwa na vidonda vitu vichachu huchoma kama moto, hapo ni zamu ya maziwa, viazi vilivyopondwa na supu iliyopoa. Na chai ipoe kabla ya kunywewa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, na sisi tuna mazoea ya kusifia chai inayounguza ulimi.

Kifundishwe usafi, kwa maana ileile anayofundishwa mama wa mtoto mchanga. Dripu zikishusha chembe nyeupe za damu, kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisimani, maziwa yasiyochemshwa au kiporo kilicholala bila kupashwa vizuri vinaweza kumrudisha mgonjwa wodini.

Kifundishwe pia ukweli kuhusu yale tunayoletewa milangoni. Bitiruti na rozela zinyweni kama mnazipenda, lakini mwenye damu pungufu apimwe na daktari, na jikoni apate maini, nyama au dagaa pamoja na ndimu, na chai aisogeze mbali na mlo kwa sababu inazuia madini ya chuma. Hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba majani ya mstafeli yanatibu saratani. Balungi, tunda zuri kabisa, linaweza kugombana na baadhi ya dawa, kwa hiyo aulizwe mfamasia. Kuhusu sukari, chembe zote za mwili huitumia, nzima na gonjwa, na mgonjwa anayekonda akiufunga mdomo wake ugonjwa haufi njaa kabla yake. Lakini msiishie hapo. Mwaka mmoja au miwili baadaye baadhi yetu, hasa waliotibiwa saratani ya matiti, huanza kunenepa kupita kiasi, na shinikizo la damu na kisukari vinabisha hodi. Hapo soda na maandazi ya kila siku vinapunguzwa, pombe inaachwa, mboga, kunde na mazoezi ya kutembea vinaongezwa. Ni mtu yuleyule, ila somo limegeuka. Asiyeambiwa kwamba limegeuka ataendelea kunywa uji wa mgonjwa akiwa amepona.

Na juu ya yote, semeni wazi kwamba chakula hakitibu saratani. Atakayeacha mionzi kwa ajili ya uji wa karanga atakufa, na uji utalaumiwa bure. Kazi ya chakula ni kumfanya mtu aimudu dawa mpaka mwisho, kidonda kifunge, na miguu impeleke kliniki tarehe ikifika.

Ombi langu la pili ni kadi. Mtoto ana kadi ya kliniki, na mstari wake ukiinama kila muuguzi nchini anashtuka. Mimi nilipoteza kilo 13 bila mstari wowote kuinama popote. Kitaalamu, mtu akipoteza zaidi ya sehemu tano kwa mia ya uzito wake ndani ya miezi michache bila kukusudia, hiyo ni dalili ya hatari. Kwa mwenye kilo 60 ni kilo tatu tu. Mzani wa watu wazima upo zahanati, wajawazito wanaupanda kila mwezi. Ongeeni na hospitali zinazotibu saratani ili kila anayeruhusiwa aondoke na karatasi moja yenye uzito wake wa siku hiyo, alichotibiwa, na jina la halmashauri anayorudi. Nakala ije kwenu. Kisha apimwe kila mwezi zahanati ya kijijini, na mtu ashtuke.

Ombi la tatu ni walimu. Hamwezi kufika kila kijiji, nalijua hilo, na magari yenu nayajua. Lakini kila kata ina mke wa yule mzee wa umio. Ina binti aliyempikia baba yake wakati wa dripu. Ina sisi tuliopona. Wakusanyeni siku mbili, wasahihisheni wanapokosea, wapeni vipimo vya vikombe na vijiko badala ya gramu, kisha waacheni wapike mbele ya watu. Maneno ya mtu aliyewahi kutapika supu na leo anaimeza yanaingia masikioni kuliko bango lolote.

Mwaka 2024 nchi ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, na tangu hapo jiko la mwanamke limekuwa habari ya mikutano mikubwa. Nafurahi kwamba moto umepata watetezi. Ninyi mtetee kilicho juu ya moto.

Leo nina kilo 58. Mkwe wangu amekuwa mpishi ambaye wenye wagonjwa wanamjia jioni kuuliza, naye huwajibu kwa yale tuliyojifunza kwa kuumia, mengine sahihi, mengine labda si sahihi, kwa sababu hakuna aliyeyakagua. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko uzito wangu.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ijayo tutakuja tena. Sufuria tutabeba wenyewe, na mwiko, na karanga nilizozichagua juzi kwenye ungo nikiwa nimekaa uani juani. Mayai tutatoa kwa kuku wetu. Tunachohitaji kwenu ni mafiga matatu, nusu saa baada ya uji wa watoto, na mtaalamu mmoja wa kusimama pembeni ya mkwe wangu na kumwambia: hapo sawa, hapo rekebisha.

Wenu,
Mwalimu mstaafu aliyesimama nyuma ya kinamama